Ukienda Bodie, anzia kinuni

Sisi tuliokulia Lubumbashi, tukiliona kila siku bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na ule mlima mweusi wa mabaki yake, tunaujua mji wa mgodi ukiwa hai. Bodie, katika jimbo la California, Marekani, niliuona ukiwa mahame. Mdogo wangu anayeishi Reno ndiye aliyenipeleka, na kosa letu lilikuwa kufika alasiri, wakati kundi la mwisho la kutembezwa kinuni, yaani kwenye kinu cha kupondea mawe ya dhahabu, lilikuwa limekwisha kuingia. Fika asubuhi.

Bila kinu hicho, mji hauelezeki. W. S. Bodey aligundua dhahabu hapo mwaka 1859, akafia kwenye dhoruba ya theluji kabla ya kuifaidi. Mji uliochukua jina lake ulibaki kijiji hadi kampuni ya Standard ilipokuta mwamba tajiri miaka ya 1870, na kufikia 1880 wakazi walikadiriwa kuwa kati ya 7,000 na 10,000. Dhahabu hiyo haikuwa ya kuchekecha mtoni: mawe yalipondwa kwa nyundo nzito za chuma hadi yakawa unga, ndipo zebaki ikainasa. Mashine za mvuke zilikula kuni, na vilima vile havina miti. Kwa hiyo kampuni ilivuta umeme wa maji kutoka Green Creek, umbali wa kilomita 20 hivi, katika miaka ya mwanzo ya 1890. Mtu anayewashiwa taa na Mwadingusha, kituo cha umeme wa maji cha kwetu, hawezi kulipita jambo hilo hivihivi.

Moto wa 1932 uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Tangu 1962 jimbo linauhifadhi kwa kuzuia majengo yasianguke, bila kuyafanya mapya, na mengi hufungwa. Usikasirike: kinga mikono machoni, ukaribie kioo cha duka la zamani, usubiri macho yazoee giza, na bidhaa zitajitokeza rafuni moja moja, zikiwa na vumbi lake.

Bodie iko mita 2,550 hivi juu ya bahari, maradufu ya kwetu, nami kichwa kiliniuma kutwa. Beba maji na chakula, ujaze mafuta ya gari mapema, na ujue kwamba kilomita 5 za mwisho hazina lami, na kwamba theluji huifunga barabara.

Usiokote kitu. Husimuliwa kwamba mwizi wa Bodie huandamwa na mkosi, na wapo wanaorudisha vitu kwa posta wakiomba radhi. Mdogo wangu, asiyeamini mikosi, aliinua msumari wenye kutu. Nilimkazia macho tu, akaulaza palepale, ncha ikielekea kinuni kama alivyoukuta.