Madoa ya zambarau mgongoni mwa filamu

SWALI: Shikamoo mzee. Napiga picha za mitumbwi pale Kibirizi kwa kamera ya filamu za vipande, inchi 4 kwa 5. Nilichoka kusafisha kwenye trei kwa sababu vipande vinakwaruzana gizani. Sasa nimepata ngoma ya kusafishia karatasi za inchi 8 kwa 10, naiviringisha kwa mkono juu ya vigurudumu vyake. Natia vipande vinne vya filamu nyeusi na nyeupe ya FP4 Plus na mililita 60 za D-76, dawa ya kutokeza picha, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kama ngoma yenyewe ilivyoandikwa. Maji yangu yana nyuzi 27. Negativu zinatoka hafifu, anga lina michirizi, na mgongoni kuna madoa ya zambarau. Nirudi kwenye trei?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usirudi. Ngoma ni chombo kizuri mno kwa filamu za vipande: dawa kidogo, na ukishafunga kifuniko unafanya kazi taa ikiwaka.

Hayo madoa yasikunyime usingizi. Mgongo wa filamu una rangi inayozuia mwanga usirudi ndani na kutia ukungu kwenye picha. Kwenye trei dawa inaufikia mgongo na kuiosha. Ndani ya ngoma ya karatasi, ambayo ukuta wake ni laini, filamu inaganda ukutani na rangi inabaki. Fiksa, yaani dawa ya kuimarisha picha, ikishamaliza kazi, toa vipande, vitie kwenye trei ya maji yenye sodiamu salfaiti kidogo, kimoja kimoja, taa ikiwaka. Rangi itatoka.

Uhafifu ndio unaoniuma, maana picha hizo hutazipata tena. Zile mililita 60 ni kipimo cha karatasi. Vipande vinne vya 4 kwa 5 vina eneo la inchi za mraba 80, sawa na roli moja ya picha 36, na wewe umevipa mililita 30 tu za D-76 halisi. Dawa imechoka kabla ya kazi kwisha. Tia vipande viwili tu, kwa mililita 120 za dawa na 120 za maji. Kwanza jaribu kwa maji matupu uone kama ngoma inabeba kiasi hicho bila kuvuja.

Michirizi inatokana na haraka. Kwa nyuzi 20 mchanganyiko huo unataka dakika 11. Kwa nyuzi 27 muda unaporomoka hadi kama dakika 5, na hapo dawa haina nafasi ya kutandaa sawasawa. Hapa Tabora mwezi wa Oktoba nami napambana na joto hilohilo. Natia barafu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, nauzamisha kwenye beseni lenye chupa za dawa hadi zifike nyuzi 24. Usihangaike kutafuta 20. Ilimradi dawa, fiksa na maji ya kuoshea vyote viwe karibu na 24. Hapo anza na dakika 7 na nusu.

Kuhusu kulowesha filamu kwa maji kabla ya dawa, wakubwa hawakubaliani. Ilford, watengenezaji wa hiyo FP4 Plus, hawapendi, wao wanashauri kupunguza muda hadi asilimia 15 kwa sababu ngoma haitulii. Jobo, Wajerumani wanaotengeneza ngoma zenyewe, wanataka dakika 5 za maji, kisha muda usipunguzwe. Mimi niko na Jobo. Dawa ikimwagikia filamu kavu iliyoganda ukutani, pale ilipogusa kwanza huonekana angani, na anga la ziwa halifichi kitu.

Azima pima maji ya fundi mwashi uhakikishe meza haijainama, la sivyo dawa itakusanyika upande mmoja. Viringisha mbele, kisha nyuma, usiache. Upande wenye dawa ya picha utazame ndani ya ngoma. Gizani utautambua kwa vidole: ukisimamisha kipande wima, vikato, zile pengo ndogo zilizokatwa ukingoni mwa filamu, vikiwa pembe ya juu kulia, upande huo unakutazama wewe.