Kabla ya kutazama alama, muulize mgonjwa

Nilipoanza kazi kwenye gari la kupimia kifua kikuu vijijini, niliipenda mno ile programu ya akili mnemba. Mtu anapigwa eksirei, na kabla hajamaliza kufunga vifungo vya shati, skrini imeshatoa alama kati ya 0 na 100; kadiri alama ilivyo kubwa, ndivyo picha inavyofanana zaidi na ya mwenye kifua kikuu. Mtaalamu wa kusoma picha hatukuwa naye. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza teknolojia hii mwaka 2021, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, nami naiunga mkono mpaka leo.

Ila siku moja alikuja mzee mmoja, alama yake 91. Nikaanza kumwandaa kwa habari mbaya. Akanikatiza: "Mwanangu, hiyo TB nilishaugua. Dozi ya miezi sita niliimaliza zamani." Makohozi yake hayakukutwa na vimelea. Programu ilikuwa imeona makovu ya zamani. Tangu hapo swali langu la kwanza ni hilo: uliwahi kutibiwa kifua kikuu? Ukiwa karibu na machimbo, uliza na kazi ya mtu, maana vumbi la mawe nalo huacha makovu mapafuni.

Inayonitia hofu zaidi ni alama ndogo. Anayeishi na VVU anaweza kuwa na kifua kikuu na picha yake ikatoka safi. Basi akija dada anakohoa, anatokwa jasho usiku, amepungua mwili, na skrini inasema 12, nakusihi usimrudishe nyumbani hivihivi. Chukua makohozi, yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya kifua kikuu. Mashine yenyewe hutoa majibu ndani ya saa mbili.

Halafu takwimu. Kile kikomo cha alama, cha kuamua nani apimwe makohozi, hupangwa na watu, na kilichofaa mahali pengine huenda kisifae kwenu. Kila mwisho wa mwezi keti na daftari: wangapi walivuka kikomo, wangapi kati yao walipimwa, wangapi walikutwa na ugonjwa. Pima pia baadhi ya walio chini ya kikomo, la sivyo hutajua ni akina nani wanakuponyoka.

Hesabu hiyo inataka daftari lililojazwa. Letu lilikuwa na safu ya "aliwahi kutibiwa", tupu ukurasa baada ya ukurasa, na mwandiko kwenye kurasa hizo ni wangu. Siku hizi naijaza mgonjwa akiwa bado hajavua shati.