Kuhusu shaka za Westgate

Ndugu, unasema magaidi walioshambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, walikuwa wengi na wakatoroshwa na serikali yenyewe. Shaka hiyo naielewa, maana serikali ndiyo iliyoipanda. Septemba 2013 tuliambiwa washambuliaji ni 10 hadi 15. Picha za kamera za jengo zikaonyesha wanne tu. Waziri mmoja akasema kuna mwanamke Mwingereza kati yao, mwenzake akasema wote ni wanaume. Kisha wanajeshi wakaonekana kwenye kamera hizo hizo wakibeba mifuko kutoka dukani, na tume ya uchunguzi iliyoahidiwa na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, haikuundwa.

Lakini kutoka hapo hadi "ilipangwa na serikali" ni mbali mno. Wachunguzi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walisema Januari 2014 hawakuona ushahidi kwamba kuna mshambuliaji aliyetoka hai. Al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, walikiri wenyewe kuwa shambulio ni lao, na mwaka 2020 mahakama ya Nairobi iliwafunga watu wawili kwa kuwasaidia washambuliaji.

Watu 67 waliuawa pale. Tuidai ile tume, tuulize uokoaji ulivurugika vipi siku ya kwanza. Hilo ndilo familia zao bado hazijajibiwa.