Dokta wa miaka 57: astaafu sasa au asubiri?
Ndugu uliyeuliza kuhusu dokta wa hospitali ya Sekou Toure, Mwanza, miaka 57, aliyepanda daraja mwaka jana: kama afya inaruhusu, asubiri. Kwa asiye bingwa, kustaafu kwa hiari ni 55 na lazima 60. Bingwa anaweza kufika 65.

PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua miezi ya michango, wanagawanya kwa 580, kisha wanazidisha kwa wastani wa mshahara wa miaka mitatu bora. Miezi 360 inampa kama asilimia 62 ya wastani huo, kabla ya kukatwa mkupuo, yaani fedha anazolipwa kwa mara moja akistaafu. Wengi wanaumia hapa: akiondoka leo, miaka miwili kati ya hiyo mitatu ni ya mshahara wa zamani. Akivumilia miaka miwili, yote mitatu inakuwa ya daraja jipya, na miezi 24 ya ziada inaongeza asilimia 4 hivi. Posho ya kuitwa usiku haimo kabisa kwenye hesabu, hata kama ndiyo imesomesha watoto.

Na jamani, aombe taarifa ya michango mapema. Aliyeanzia Ukerewe enzi za LAPF au PSPF, mifuko ya zamani iliyounganishwa kuwa PSSSF, akahamia mjini anaweza kukuta miezi mingine ya michango haionekani. Barua ya ajira, ya uhamisho na hati za mshahara za miezi hiyo azitafute sasa, angali kazini.