Kilo Zinapungua, Macho Bado Yanaona Mwili wa Zamani

Ukitaka kupunguza uzito utafundishwa habari za chakula, mazoezi na usingizi. Wachache watakaokuambia kwamba mwili unaweza kupungua huku wewe ukiendelea kuuona ule wa zamani. Mimi jambo hilo limenisumbua kuliko njaa.

Huenda nawe unayajua haya. Dukani mkono unakwenda wenyewe kwenye nguo kubwa kuliko zote. Nikipita kati ya viti viwili nageuka ubavu, ingawa nafasi inatosha. Nikikaa, kabla sijasema neno, vidole vinalishika shati hapo tumboni na kulivuta mbele lisinigande. Suruali inapwaya, mkanda umeshatobolewa tundu jipya, na bado mkono unavuta shati. Ni mazoea ya miaka mingi, na mizani haiyafuti.

Kwa hiyo usingoje ufikie uzito unaoutaka ndipo uanze kuutendea mwili wako wema. Tafuta nguo moja au mbili zinazokukaa vizuri leo. Zile za kubana ulizotundika kabatini ili zikutie ari, ziondoe machoni pako, maana kila asubuhi ukifungua kabati ni kama zinakusuta.

Mizani nayo imewavunja moyo wengi, na nadhani ni kwa sababu hatuelezwi inapima nini. Siku za mwanzo uzito hushuka upesi kwa kuwa mwili unatumia akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni, na kila gramu yake huwa imeshikilia takriban gramu 3 za maji. Sehemu kubwa ya kinachotoka hapo ni maji. Baadaye kasi inapungua, nawe unaanza kujiona mzembe wakati mwili unafanya kazi yake ipasavyo. Kwa watu wengi, kasi inayoshauriwa ni nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki. Tena uzito unaweza kupanda kilo 1 au hata 2 kwa siku moja kwa sababu ya chumvi, choo au hedhi inayokaribia. Ili kilo 1 ya mafuta iongezeke kweli, ungehitaji kula kalori zipatazo 7,000 juu ya mahitaji yako. Jana hukula hivyo. Mimi napima mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, halafu nalinganisha mwezi na mwezi.

Kuna na ngozi. Hili huwa halisemwi, na linaumiza. Ngozi iliyotanuka kwa miaka huenda isirudi yote, hasa umri ukiwa umesogea, na michirizi hufifia lakini haifutiki kabisa. Hata seli za mafuta husinyaa tu, idadi yake haipungui. Wala mazoezi ya tumbo hayachagui mafuta ya tumbo. Kinachonisaidia ni kitu kidogo: nikitoka kuoga napaka mafuta palepale panaponikera, chini ya kitovu na mikononi kwa ndani, taratibu, nikiwa naangalia. Zamani nilikuwa napitisha kiganja upesi huku uso nimeugeuza pembeni.

Wako wanaoamini kwamba kujichukia kunaleta nidhamu. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayejichukia hujiadhibu kwa njaa, na njaa huharibu akili kabla ya kumaliza kitambi. Mwaka 1944 hadi 1945, huko Minnesota nchini Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kulishwa chakula kidogo kwa miezi sita ili wanasayansi wachunguze athari za njaa. Walizama katika huzuni, wakawa wepesi wa hasira, mawazo yao yakawa chakula mchana kutwa. Basi ukijiona mnyonge na mwenye kulialia baada ya siku kadhaa za kujinyima, kula kwanza, ndipo ujihukumu kama bado unataka.

Maneno ya watu yatakuwepo. Huyu atauliza, "Mbona umekonda, unaumwa?" na yule atasema kitambi bado kipo. Jibu "Nipo salama" na uhamishe mazungumzo. Walio karibu nawe waombe tu, kwa upole, wasijadili mwili wako mnapokuwa mezani.

Lakini ikiwa unajitapisha, unameza dawa za kuharisha ili upungue, unakula kwa kujificha, umeacha kutoka nyumbani kwa aibu ya umbo lako, au mawazo ya mwili yanakula saa nzima nzima za siku yako, hapo usipambane peke yako. Nenda kwa daktari au mshauri wa saikolojia, hata kama uzito wako unaonekana wa kawaida. Wengi hukwama mlangoni kwa kutojua waanzie wapi. Sema hivi: "Sina amani na mwili wangu, na ulaji wangu umevurugika." Yanayobaki atakuuliza yeye.