Anzia pale mhusika anapotoka chumbani

Umeuliza uanzie wapi kuisimulia upya riwaya ya zamani kwa macho ya mhusika wa kike, na kama huo si wizi. Kama hakimiliki yake imekwisha muda, si wizi; hilo lihakikishe kwanza.

Mwandishi Jean Rhys alifanya hivyo mwaka 1966 katika riwaya yake Wide Sargasso Sea. Alimchukua Bertha, mke "kichaa" aliyefungiwa ghorofani katika Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya 1847, akamrudisha utotoni Jamaika, akiitwa Antoinette. Jina la Bertha anakuja kubandikwa na mumewe. Kitu kidogo, lakini kinauma kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Basi shika penseli, usome upya riwaya yako ukitia alama kila mahali mhusika wako wa kike anapotoka chumbani. Anakwenda wapi? Nani kamwita? Chagua alama moja tu kati ya hizo, uandike hayo ambayo mwandishi wa kwanza hakuyafuata. Matukio makubwa yaache kama yalivyo, ubadilishe maana yake.

Na tafadhali usimfanye malaika. Mpe hila, wivu, hata uongo kidogo. Mimi wasimulizi watakatifu hunichosha kufikia sura ya pili.