Kabati Linalomwaga Unga, na Maswali Mengine ya Samani za Mitumba

SWALI: Fundi, shikamoo. Jirani yetu hapa Isevya, mtumishi aliyepata uhamisho, aliuza vyombo vyake kabla ya kuondoka, nami nikanunua kabati la nguo la zamani la milango miwili kwa shilingi 70,000. Ni zito, limepakwa rangi ya mafuta ya buluu, na nilikusudia kulitia rafu ili liwe kabati la jikoni la kuwekea unga na mchele. Sasa kila asubuhi nikifagia ninakuta unga laini chini ya mguu wa nyuma. Shemeji yangu anasema ni mchwa, na kwamba nilimwagie mafuta ya taa au nilichome kabla hawajahamia kwenye kenchi za paa. Nifanyeje?
Mama wa Wawili, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kwanza mwombe shemeji arudishe kiberiti mfukoni. Mchwa hujenga njia za udongo na kujaza udongo ndani ya mbao wanayoila, hawamwagi unga. Unga laini mfano wa sembe iliyochungwa, unaotoka kwenye matundu ya mviringo madogo kama kichwa cha pini, ni kazi ya bungua, wadudu watoboao mbao, na bungua huchagua chakula chake. Wengi wao hufuata wanga uliobaki katika sehemu nyeupe ya mbao, ile iliyokuwa karibu na gome, wakaiacha sehemu ya ndani ambayo ndiyo moyo wa mti.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, lilaze kabati kifudifudi juu ya mkeka, kisha ukwangue rangi kidogo kwa wembe mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mguu. Ukikuta mbao ya kahawia yenye michirizi iliyokoza, basi yaelekea umenunua mninga kwa bei ya rangi mbaya, maana wauzaji na wanunuzi wengi hutazama rangi tu. Sijapata kuelewa kwa nini watu wa mkoa wenye miti hii waliona haya kuiacha ionekane, hata wakaifunika kwa buluu ya madirisha. Moyo wa mninga hausumbuliwi sana na wadudu, nao hautanuki wala kusinyaa kupita kiasi majira yanapobadilika, na ndiyo sababu milango ya kabati la miaka mingi bado inafunga bila kukwaruza.

Sasa chukua sindano ya kushonea magunia uchome kuanzia chini ya mguu kwenda juu. Pale inapozama kama ndani ya andazi pamekwisha kuliwa. Inapogoma ni pazima. Ninatarajia utakuta ukanda mweupe, upana wa vidole viwili hivi, upande mmoja wa mguu, kwa sababu mafundi wa zamani nao walibana matumizi na sehemu nyeupe waliificha nyuma. Fundi seremala auondoe ukanda huo wote kwa msumeno na patasi, achonge kipande cha moyo wa mti kinacholingana na pengo, akigandishe kwa gundi ya mbao na kukibana kwa jiliwa hadi siku ya pili. Akianza kupigilia misumari mikubwa, mzuie, kwa kuwa msumari hupasua mguu uliokwisha kudhoofika. Ukanda uliotolewa ndio uchomwe, na shemeji apewe kazi hiyo.

Mafuta ya taa yaache. Hayadumu ndani ya mbao, harufu yake itakaa kwenye rafu muda mrefu, na nyumba yenye watoto haihitaji kabati lililolowa mafuta. Iwapo matundu yamesambaa kiasi kwamba haiwezekani kukata, ipo dawa ya kuulia wadudu wa mbao inayopigwa kwa sindano ndani ya matundu na kupakwa juu ya mbao iliyokwisha kukwanguliwa, kwa maana haipenyi rangi ya mafuta. Lakini ukiitumia dawa hiyo, mpango wa unga na mchele umekufa. Kabati hilo liwe la vitabu na madaftari ya watoto. Mimi ningekata kwanza, nisubiri wiki tatu nikiwa nimetandika karatasi nyeupe chini yake, ndipo niamue. Unga kidogo wa siku za mwanzo usikutishe, kwani ule wa zamani humwagika kabati linapohamishwa.

Kuhusu rangi, usiruhusu mtu aisugue kwa msasa mkavu uani watoto wakicheza. Rangi za mafuta za zamani huenda zina risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto hasa. Ilowanishwe, ikwanguliwe ingali na maji, na magamba yake yakusanywe kwenye gazeti. Hata mbao ikishakuwa wazi, fundi afunge pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la mninga lenyewe huwasha pua na kubana kifua. Umaliziaji hauna maneno mengi: msasa wa 120, kisha wa 240 ulio laini zaidi, sila ya kuziba vitundu vya mbao, halafu vanishi mikono miwili, na ifanyike kiangazi.

SWALI: Nimepata Ujiji miguu ya cherehani ya zamani ya kukanyaga, chuma kitupu chenye maua, pamoja na kichwa chake. Nataka kuifanya meza ya kusomea. Mguu mmoja una ufa. Je, nimpelekee mchomeleaji?
Msomaji wa Mwanga, Kigoma

JIBU: Usimpelekee mchomeleaji wa mageti. Hicho ni chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, nacho kikipata moto upande mmoja na kupoa haraka hupasuka palepale au pembeni kidogo ya pale. Ni salama zaidi kutoboa matundu taratibu pande zote mbili za ufa, ukaweka bapa la chuma kwa nyuma na kulifunga kwa bolti. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile nyeusi. Kanyagio lifunge kwa waya lisicheze, la sivyo utakuwa unasoma huku miguu inashona.

Kuhusu kichwa, zungusha gurudumu lake kwa mkono kabla ya kukiweka kando. Likizunguka na sindano ikapanda na kushuka, mtafute fundi cherehani akitie mafuta na kukijaribu. Kikishona, kiuze kwa mshonaji, na fedha hiyo itanunua ubao wa juu ya meza.

SWALI: Sofa ya mtumba inauzwa bei ya kutupa, kitambaa bado kizuri. Ninunue?
Kijana wa Kiloleni, Tabora

JIBU: Ipindue, ufungue kitambaa cha chini, umulike kwa tochi kwenye pindo na kona za fremu. Ukiona vidoa vyeusi kama vya wino, hao ni kunguni, na kunguni mkubwa huweza kukaa miezi kadhaa bila kula akikusubiri. Iache hapohapo, hata ukipewa bure.